Kwa Nini Nachagua Namba Saba

Mghoi mwanangu,

Ijulikane kwa wote wanaohusika, yaani wewe peke yako, kwamba leo Ijumaa, baada ya mashauriano ya miaka saba baina yangu na nafsi yangu, bila shinikizo kutoka upande wowote, nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai ya karak mkononi, nimefikia uamuzi kuhusu bunduki ninayoipenda kuliko zote. Uamuzi huu ni wa mwisho na hauna rufaa.

Swali uliniuliza wewe ukiwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumesimama mbele ya rafu ya bunduki kule renji, kwenye uwanja wa shabaha wa kazini kwangu, ukanyoosha kidole kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ukaniambia, "Baba, ukipewa moja uende nayo nyumbani, unachukua gani?" Nikajibu "namba kumi na mbili" kabla hujashusha mkono. Jibu lile lilikuwa la uongo. Ungekuwa uongo mdogo tu ningeuacha ulale ulipolala, lakini ulizaa, na watoto wake wamekua hadi wamefika kwenye begi lako.

Wewe na mama yako mmekwenda kanisani Mesaimeer kuagana na kwaya. Nimebaki na begi lenyewe na ile mizani ya kuning'iniza. Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala soksi, wala usimwonyeshe mtu simu yako barabarani. Hayo mama yako ameshayasema, na ameyabandika pia kwenye karatasi ndani ya kifuniko cha begi. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu.

Juzi jioni nilikuwa sebuleni nakaza skurubu za magurudumu ya hilo begi. Ninyi mlikuwa jikoni. Mama yako alikuuliza umejaza nini kwenye ile fomu ya chuo, ile unayotakiwa kuipeleka Jumatatu ukishafika kule kwetu, yenye visanduku viwili: teknolojia ya meno na usimamizi wa ofisi. Ukamwambia, "Ofisi."

"Si ulikuwa unataka ya meno?"

"Naitaka, Mama. Lakini hiyo ni kazi ya mkono. Unachonga jino la mtu, ukiteleza kidogo umeharibu. Mkono wangu nishaujua. Kumbuka renji."

"Renji ulikuwa mchezo, Mghoi."

"Sawa, na hata mchezo wenyewe ulinishinda."

Mkacheka wote wawili, mkaendelea kukatakata vitunguu. Mimi nilikaza ile skurubu mpaka plastiki ikapasuka. Hilo gurudumu la kushoto ndilo linalolia. Nisamehe hilo pia.

Sasa nianze mwanzo, kwa sababu wewe ulipokuja Doha ulinikuta tayari ni mtu wa bunduki, na pengine ulidhani nilizaliwa hivyo. Nilikuja hapa kuwa mlinzi. Miaka miwili nililinda kisiwa cha Pearl wakati Pearl yenyewe ilikuwa bado mchanga na kreni. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha bahari haiibiwi. Siku moja msimamizi akaja kwenye basi letu akatangaza kwamba wanahitajika watu wawili kwenye kilabu cha shabaha, akauliza nani ameshawahi kushika bunduki. Nikainua mkono. Haukuwa uongo. Kule kwetu askari mmoja wa wanyamapori aliwahi kunipa yake nimshikie, wakati anafunga kamba za viatu.

Aliyeinua mkono wa pili alikuwa Ssalongo. Unamjua, lakini ulimjua akiwa mtu mzima mwenye tumbo. Wakati ule alikuwa Mganda mwembamba aliyepata mapacha mwezi uleule aliotua hapa, na kwao mtu akishapata mapacha jina lake la zamani linastaafu, anabaki Ssalongo. Nikamuuliza garini, "Wewe umeshika bunduki wapi?" Akasema, "Sijashika. Ila nimechoka na basi."

Hivyo ndivyo wataalamu wawili wa silaha walivyoingia kazini.

Tulianza na ufagio. Mghoi, ukifagia maganda ya risasi kwa miaka mitatu unamjua mtu bila kumwona uso. Mtu mtulivu maganda yake yanaanguka pamoja, kama yanaamkiana. Mwenye hasira yanatapakaa mpaka chini ya kiti cha jirani. Jioni nilichukua vile vitabu vidogo vinavyokuja na bunduki, nikavisoma kwa kamusi, neno kwa neno, hata ule ukurasa unaosema usiiweke bunduki mdomoni. Baada ya muda fundi aliyekuwepo akaondoka, wakaniuliza kama najua kufungua bolti ya bunduki, na safari hii nilikuwa najua kweli. Mshahara ukapanda, visa ya familia ikapatikana, ukaja wewe na mama yako kwenye ule uwanja wa ndege wa zamani. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa umevaa sweta la baridi ya Wundanyi kwenye joto la Julai la hapa.

Bunduki zetu nyingi zilikuwa za kipimo cha ishirini na mbili. Umezizoea, lakini niache niziseme, kwa sababu napenda kuzisema. Ni zile ndogo za kulenga karatasi, ambazo pini hugonga ukingo wa ganda badala ya katikati. Risasi yake ni ndogo kama pingili ya kidole chako cha mwisho, na mlio wake ni kofi moja la ubao, basi. Haikurushi bega, haikuzibi masikio. Ndiyo maana ni ya kustarehe nayo, na ndiyo maana haikufichi. Ile kubwa ukikosa utasema ilinirusha. Hii ndogo ukikosa, umekosa wewe.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Shika maneno hayo, tutayarudia.

Pale kilabuni palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Boksi la risasi likishafunguliwa, kulirudisha stoo kulihitaji fomu tatu na sahihi ya mtu ambaye hakuwepo. Kwa hiyo Ijumaa wanachama wakishamaliza, meneja aliangalia pembeni, na sisi wafanyakazi tukapiga mabaki. Risasi saba hapa, kumi na moja pale. Hapo ndipo kila mtu alipojichagulia bunduki, na ubishi wake ulikuwa mkali kuliko wa mpira.

Ssalongo alichukua ile inayojipakia yenyewe.

"Kwa nini hiyo?" nikamuuliza.

"Sina muda, ssebo. Nina mapacha."

"Karatasi yako imekuwa kama chujio."

"Lakini nimemaliza wa kwanza. Wewe je, kwa nini kumi na mbili?"

"Ni bunduki nzuri."

"Unaipiga vizuri?"

"Ni bunduki nzuri, Ssalongo."

"Banange! Huyu mzee anapenda bei."

Alisema kweli. Namba kumi na mbili ilikuwa imetoka Ulaya. Ilikuwa na kitako cha chuma chepesi chenye vifundo vya kurekebisha kila kitu, hadi mahali pa kuweka shavu, na mtutu mnene kama mpini wa jembe. Wanachama wakipita waliigusa kwa kidole kimoja. Mimi ndiye niliyeisafisha, na nilipoisafisha watu walinitazama kana kwamba ni yangu. Kuipiga? Bega langu lilikataa kila mara. Baada ya risasi sita mkono wa kushoto ulitetemeka kwa uzito. Niliipiga miaka minne, na sikumwambia mtu kwamba sijawahi kuifurahia hata siku moja.

Na namba saba je? Wewe ndiwe uliyeiona. Ilikuwa mwisho wa rafu, ya mbao, ya zamani, ya kupakia risasi moja moja kwa mkono. Kitako chake kilikatwa kifupi kwa ajili ya mtoto wa mwanachama fulani ambaye aliichoka baada ya siku mbili, na pale kilipopasuka kiliungwa kwa skurubu ya shaba. Haikuwa na darubini. Ilikuwa na kilengeo cha chuma cha tundu dogo, na pembeni kigurudumu, ukikizungusha kinalia tik, tik. Kila tik inasogeza risasi kidogo. Tik nne, risasi imehama upana wa kidole.

Ulipoanza kuja nami Ijumaa asubuhi, baada ya meneja kukubali watoto wa wafanyakazi waje wakiwa na wazazi wao, sikukufundisha kuchagua. Ulijifundisha. Nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba mtu aweke bunduki begani macho yakiwa yamefungwa, kisha ayafungue aone kama kilengeo kimekuja chenyewe mbele ya jicho; kikiwa hakijaja, bunduki si yako, hata iwe nzuri vipi. Wewe hukusoma. Ulichukua moja moja, ukafumba macho, ukafumbua, ukarudisha. "Hapana. Hapana. Hii inaninyonga. Hapana." Ulipofika mwisho ukafumba, ukafumbua, ukakaa kimya. Kisha ukasema, "Baba, hii inanijua."

Nikacheka. Ssalongo hakucheka.

Namba saba ilikuwa na kichaa chake: ilikataa risasi za bei mbaya. Kila bunduki ya aina hii ina risasi inayoipenda, na hakuna kitabu kitakachokwambia ni ipi. Ni kujaribu tu, boksi baada ya boksi. Hii ilipenda zile za boksi la kijani tulizowapa wageni wa siku moja. Wewe uligundua hilo wiki ya tatu. Ukaanza kunusa maboksi ya mabaki kama mama yako anavyochagua nyanya. Na ukaanza kupiga, Mghoi. Mita hamsini, umelala kifudifudi kwenye mkeka, visigino chini, ukisubiri upepo wa shamali utulie kati ya pumzi mbili. Risasi tano, ukasogea, ukanyanyua kofia. Nilikuwa nikienda kubandua karatasi yako natembea polepole makusudi, ili watu wanione nikienda.

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Katika ule utembeaji.

Abu Nasir, yule mzee mwanachama mwenye ndevu nyeupe aliyekuja kila Ijumaa kutoka Pearl na dereva na chupa yake ya chai, alisimama nyuma yako mara mbili. Mara ya tatu akaniita. "Binti yako ana jicho, wallah. Miezi miwili ijayo kuna majaribio ya timu ya wasichana ya kilabu. Mlete."

Nikamwambia, "Na bunduki, Bwana Abu Nasir?"

Akapunga mkono kuelekea rafuni. "Bunduki zipo. Yalla."

Hayo tu. Bunduki zipo. Mimi nikasikia kumi na mbili. Nikaona picha nzima: binti wa mlinzi amelala na namba kumi na mbili mbele ya wanachama, na mimi nimesimama nyuma na kitambaa cha kusafishia begani. Nikaona pia, nisikudanganye tena, kitako kilichoungwa kwa skurubu, na aibu yake.

Jumatano nilikwambia utahamia kumi na mbili. Ukasema, "Nzito, Baba."

"Utazoea."

"Lakini saba napiga."

"Saba ni ya watoto."

"Mimi ni mtoto," ukasema, na ilikuwa kweli kabisa.

Ijumaa ile ulijaribu kumi na mbili kwa heshima, risasi kumi, kisha ukairudisha ukachukua saba. Na Ijumaa iliyofuata hivyohivyo. Ningeweza kukukataza. Mzazi mwenye adabu angekukataza, ungelia, ungenichukia hadi chakula cha jioni, yangeisha. Lakini nilitaka uiache kwa hiari yako. Nilitaka uje kwangu useme, "Baba, ulikuwa sahihi." Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, na nilikitafuta kama mwizi.

Jumamosi iliyofuata, renji ikiwa tupu, niliitoa namba saba rafuni nikazungusha kile kigurudumu. Tik nne, kulia.

Wiki iliyofuata nikazungusha tatu kushoto na mbili juu, ili usije ukagundua mwelekeo ukarekebisha mwenyewe, maana nilijua ungegundua. Kisha nikachukua risasi nyingine, zile ilizozikataa, nikazipanga ndani ya boksi la kijani. Ilikuwa hivyo Ijumaa tano. Mikono yangu haikutetemeka hata mara moja, na nataka ulijue hilo, kwa kuwa tunazungumzia mikono.

Nilingoja useme bunduki imeharibika. Mtu yeyote angesema hivyo; wanachama walisema hivyo kila siku, hata bunduki ikiwa mpya. Wewe hukusema. Uliangalia karatasi, matundu yametawanyika, ukaangalia namba saba, ukaifuta vumbi, ukaangalia kiganja chako. Ijumaa ya pili ukaacha kunywa soda kwa sababu ulisikia sukari inatetemesha. Ya tatu ukaanza kulala mapema Alhamisi. Ya nne ukaniambia, "Baba, bunduki ni ileile. Ni mimi nimebadilika."

Nami nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa na ufunguo wa rafu mfukoni na sentensi moja mdomoni. Nikasema, "Ndiyo maana nakwambia ujaribu kumi na mbili."

Siku ya majaribio ulibeba kumi na mbili. Sihitaji kukueleza, ulikuwepo. Wasichana saba, wewe wa sita kwa zamu, wa saba kwa matokeo. Kufika risasi ya ishirini mkono wako wa kushoto ulikuwa unatetemeka kwa uzito, kama wangu ulivyotetemeka miaka minne, lakini wewe hukujua kwamba wangu nao hutetemeka. Sikuwa nimekwambia. Ulimaliza zote, ukaacha bolti wazi, mtutu mbele, kama nilivyokufundisha, ukaja ukaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, khalas. Mkono wangu una kasoro."

Nilikununulia shawarma njiani. Hiyo ndiyo iliyokuwa toba yangu: shawarma, na juisi ya embe. Ulikula yote ukasema asante.

Kesho yake Abu Nasir alinikuta nafagia. Akauliza, "Kwa nini binti hakupiga na ile yake ndogo?"

Nikasema, "Ile ya zamani?"

"Ile yake," akasema. "Nilimtaka yeye na ile yake." Akanywa chai yake, akaenda zake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa bahati mbaya hakuyahitaji.

Na Ssalongo. Ijumaa iliyofuata hukuja, na baada ya wanachama kuondoka Ssalongo aliichukua namba saba kupiga mabaki, nadhani kwa kukukumbuka tu. Risasi tano zikatawanyika, lakini zote upande mmoja. Akaangalia kilengeo. Akaangalia boksi la kijani, akatoa risasi moja akaisoma kitakoni. Ssalongo ni mvivu, si mjinga. Akarudisha kigurudumu, tik, tik, akatafuta risasi sahihi, akapiga tano nyingine. Katikati. Akaja nilipokuwa nimekaa akaiweka bunduki mezani taratibu.

"Ulimfanyia mtoto hivi?"

Nikaendelea kukunja kitambaa cha kusafishia.

"Mzee, nimekuuliza."

"Nilitaka awe kwenye timu."

"Mimi nina mapacha," akasema. "Nikimdanganya mmoja, mwingine ananiona, anamwambia. Wewe una mmoja tu. Sasa nani atamwambia?"

"Nitamwambia mimi."

"Lini?"

Nikamjibu, "Wiki hii." Imekuwa miaka sita. Kila Ijumaa ya mwaka wa kwanza alinisalimu kwa neno moja tu, "Bado?" Baadaye akaacha kuuliza. Niliona afadhali alipokuwa anauliza.

Nilikaribia mara tatu. Mara moja ulipokuwa unafunga kidonda cha mama yako alipojikata kidole, nikaona jinsi ulivyoizungusha ile bendeji, sawasawa, bila haraka, na mama yako hakuhisi kitu. Mara ya pili ulipomtengenezea mwalimu wako wa kwaya miwani yake, ile skurubu ndogo ambayo hata mimi siioni bila kioo cha kukuzia. Uliishika kwa ncha ya kibanio na pumzi umeibana, na nikajua pumzi ile umeitoa wapi. Mara ya tatu ni juzi, jikoni, pale mlipocheka. Kila mara nilijiambia, ameshasahau, kwa nini nimfukulie. Kumbe hukusahau. Ulikuwa umejenga nyumba juu ya lile jambo, na sasa unahamia.

Kwa hiyo hili ndilo jibu la swali lako. Ningepewa moja niende nayo nyumbani, ningechukua namba saba. Ningeichukua kwa sababu ni nyepesi na mtu anaweza kukaa nayo asubuhi nzima bila kuichukia. Kwa sababu triga yake inafyatuka kila mara mahali palepale, haina hila. Kwa sababu hailipendi boksi la bei, na haioni haya. Na kwa sababu katika miaka yangu yote pale ndiyo bunduki pekee niliyoiona ikimpendeza mtu hadi akanyamaza. Nilijua hivyo siku ile ile uliyoniuliza. Mimi mwenyewe niliipiga kwa siri mara mbili, ukiwa shuleni, na nilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga maishani, nikaifuta nikairudisha ili mtu asijue kwamba fundi wa bunduki za Ulaya anaipenda ya mtoto.

Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba bunduki ndogo haikufichi: ukikosa, umekosa wewe. Niliyasema hayo hata mbele yako, mara nyingi, kwa sauti ya mtu aliyesoma vitabu. Uliniamini. Hungeweza kujua kwamba kuna neno moja nimeliacha nje, kwamba ni kweli ikiwa hakuna mtu aliyegusa kilengeo.

Sikuandikii ili uchague meno. Tafadhali nielewe. Nilishawahi kukuchagulia mara moja, na umeona. Huenda ofisi utaipenda. Kuna watu wanaipenda, nimewaona. Ninachokuomba ni kwamba ukichagua Jumatatu, usichague kwa ushahidi wangu. Ule ushahidi niliughushi. Mkono wako haujawahi kuwa na kasoro hata siku moja. Kasoro ilikuwa tik nne, kisha tatu, kisha mbili, na boksi la uongo.

Nimeandika badala ya kusema kwa sababu mimi ni mwoga, na pia kwa sababu kutoka hapa Thumama hadi uwanja wa ndege ni karibu mno kwa mazungumzo ya namna hii. Ningekuwa sijamaliza "nisamehe" tumeshafika kwenye maegesho. Ukiisoma ndani ya ndege utakuwa na saa tano za kunikasirikia bila mimi kukukatiza. Zitumie zote. Ukitua usiponipigia simu, nitaelewa. Ukimpigia mama yako peke yake, mwambie tu umefika, nitasikia kupitia kwake. Yeye hajui jambo hili. Nitamwambia kesho tukitoka kukusindikiza, na huenda wewe ukawa na bahati zaidi, kwa kuwa utakuwa angani.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya shabaha. Ni ya Ijumaa ya mwisho kabla sijagusa kile kigurudumu. Niliibandua mwenyewe nikaja nayo nyumbani, nikaificha kwenye kitabu cha maelekezo ya namba kumi na mbili, kwa kuwa nilijua hakuna atakayekifungua. Risasi tano. Usitafute matundu matano, utajisumbua. Ni tundu moja lenye kingo mbaya, na sarafu ya dirhamu hamsini inalifunika lote. Nyuma yake kuna mwandiko wako: "Saba. Boksi la kijani. Upepo kidogo. Nilingoja." Nimeisoma mara nyingi, hasa hilo neno la mwisho.

Nilitaka nikuwekee na ganda moja la risasi la siku ile, nikakumbuka watu wa ukaguzi, nikalitoa.

Mnapanda ngazi sasa, nasikia mama yako akicheka na jirani. Nafunga begi. Ndani ya mfuko wa juu nimeweka nakala tupu ya fomu ya chuo, niliichapisha kazini jana. Usije ukadhani ni kwa ajili ya barua hii. Ile uliyoijaza ungelazimika kuirudia kwa vyovyote: juu kabisa wameandika ijazwe kwa kalamu nyeusi, na wewe umetumia ya buluu.

Baba yako